Barua ya Saba Inatoka Ijumaa

Kuna msomaji mmoja wa Pangani kaniletea salamu kupitia kwa mhariri. Eti, "Zuwena, una roho ngumu." Mama, hujasikia kitu. Soma ya leo ndipo unitukane vizuri.

Mliochelewa nawapa kwa ufupi, maana sina subira ya kurudia. Nina steshenari pale Dunda, Bagamoyo. Napiga fotokopi, nachapa barua za maombi ya kazi, nawafungulia watu imeili wakitaka pasi ya kusafiria. Mwaka huu nikaingia kazi ya kuuza kozi ya mtu mtandaoni. Kozi inaitwa Ndoa Tulivu, mwenyewe ni Mikdad wa Mapinga, na kila anayenunua kupitia kwangu, nusu ya pesa ni yangu.

Mikdad ndiye aliyenifundisha. Kusanya anwani za watu. Waandikie barua tamu. Mwisho weka linki, wabonyeze, walipe.

Nilianza na anwani arobaini na moja, zote za wateja wangu wa steshenari. Hakuna hata mmoja niliyemwomba ruhusa. Nikawaandikia mambo ya heshima katika ndoa, hakununua mtu. Mikdad akanipigia simu kwa hasira. "Zuwena, hayo wanayasikia kila siku kwenye redio. Wape kitu ambacho hawawezi kukipata pengine."

Nilikuwa nacho. Nilikuwa na maneno ya somo yangu, Bi Hajra, aliyonifunda nilipoolewa miaka tisa iliyopita. Mlango ulifungwa, pazia likateremshwa, na nikaapishwa kwamba haya sitayasema hata kwa mama yangu mzazi. Nikayaandika. Barua saba, moja kila Ijumaa, saini yake "Dada wa Ndani". Orodha ikatoka arobaini na moja ikafika watu elfu mbili mia tatu na kumi na nane. Nikanunua mashine mpya ya fotokopi.

Barua sita zilikuwa zimeshatoka. Jumatano asubuhi nikainua uso, nikamwona Bi Hajra mwenyewe kasimama mlangoni kwangu, simu mkononi.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwanangu. Una maji?"

Nikampa maji. Akanywa kidogo, akaweka glasi juu ya mashine. Bi Hajra ni mtu mtaratibu, tangu nimjue sijamsikia akipaza sauti.

"Kuna mtu anauza maneno yangu," akasema.

"Hee! Maneno gani tena, somo?"

Nilivyoisema hiyo "hee", mimi mwenyewe nilijiogopa.

"Ya ndani. Neno kwa neno. Mpaka lile la kumpokea mume aliyerudi na hasira zake. Wanasoma mpaka wanaume, Zuwena! Jana muuza samaki ananiuliza huku anacheka, 'Bi Hajra, na mimi utanifunda lini?' Miaka arobaini nafunda watoto wa watu. Sijachekwa na muuza samaki."

"Yarabi! Nani kafanya hivyo?"

"Ndiyo nimekuja kwako. Wewe ndiye unayejua mambo haya ya mitandao. Nitafutie mtu huyo."

Nikaichukua simu yake, nikawa nabonyezabonyeza ili mikono ipate kazi. Barua zangu zilikuwa humo zote sita, zimepangana. Kumbe katika zile anwani arobaini na moja na yake ilikuwemo! Imeili hiyo nilimfungulia mimi, mwaka ule alipokuwa anahangaikia safari ya Hija, na neno lake la siri ni jina la paka wake. Nilisahau kabisa. Wiki sita nilikuwa namtumia mtu maneno yake mwenyewe na kumhimiza alipe.

"Kitu kimoja kinanishangaza," akasema. "Anwani hii hata wanangu hawana. Wamenipataje?"

"Somo, mitandao ya siku hizi inaokota anwani za watu yenyewe."

"Inaokota?"

"Inaokota tu."

Akaichukua simu yake. "Haya," akasema.

Kisha akaniambia lililomleta. Watu wameshamjua mkosaji, na jina walilolitoa ni la Mwanaasha.

Mwanaasha ni binti wa jirani zangu, ukuta wao na wetu ni mmoja. Anafanya kazi ya kompyuta ofisini, huko Mbegani. Alichukua likizo akafundwa na Bi Hajra, akatoka ndani, na wiki ile ile barua ya kwanza ikaanza kuzunguka. Basi watu wakahesabu vidole. Kafundwa juzi, anashinda kwenye kompyuta, nani mwingine?

"Jumamosi anaolewa," nikasema, kana kwamba Bi Hajra hajui.

"Kama wataoa. Mama wa bwana harusi kanipigia simu jana, Bi Tatu wa Pangani. Anasema mwanamke anayeuza mambo ya ndani haingii nyumba yake. Ama Mwanaasha asomewe Halbadiri mbele za watu, ama Jumamosi hawaji."

Kwa asiyejua, Halbadiri ni kisomo. Mtu akifanya ubaya akajificha, watu wanakaa wanasoma, na aliyefanya anajulikana kwa yatakayompata. Wapo wanaosema haifai na wapo wasioiamini. Mimi naiamini. Hilo ndilo tatizo langu.

"Na wewe umekubali, somo?"

"Nimekubali. Mtoto mwenyewe kakubali, anasema hana hofu. Ijumaa baada ya alasiri, nyumbani kwangu. Kama si yeye hatadhurika. Atadhurika aliyefanya." Akafungua mkoba, akatoa kitabu kidogo, pembe zimeliwa na mende. "Nitolee nakala thelathini. Wasomaji wengi, kitabu kimoja."

Nikawasha mashine. Ndiyo, ile mpya. Nikasimama pale nikatoa nakala thelathini za kisomo cha kunisomea mimi mwenyewe, nikazipanga, nikazipiga stepla moja moja. Mashine yangu ya zamani ingekwama walau mara tatu, hii haikukwama hata mara moja.

"Kiasi gani?"

"Ah, somo, hapana. Hii kazi ya heri."

"Basi zikae kwako, utaniletea siku yenyewe. Mungu akulipe, mwanangu."

Wallahi, nilitamani asingelisema hilo. Alipotoka nikajikwaa kwenye waya wa feni, nikasema, tayari, imeanza.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kesi yenyewe iko kwenye barua ya saba.

Zile sita ni mafunzo ya kila mwali. Bi Hajra kafunda mamia, washukiwa ni wengi. Ya saba aliniambia mimi peke yangu. Ni pale mume wangu, Kitwana, alipoondoka akaniacha, nami nikawa kila siku naenda kulia mlangoni kwa wakwe. Somo akaniita, akafunga mlango, akasema, "Nitakupa jambo ambalo sijampa mtu. Ukishalisikia utafuta machozi na hutakwenda tena kule."

Mji mzima unajua kwamba marehemu mumewe, Mzee Bwanausi, alikuwa baharia wa meli za ng'ambo. Alikaa huko miaka kumi na moja, akailea nyumba yake kwa barua na pesa, akarudi mgonjwa, akafariki. Mtoto wake mkubwa, Abdulazizi, ana duka la vifaa vya ujenzi lenye jina la baba mlangoni. Zile barua za baba anazo zote. Mwaka jana aliniletea nizitie plastiki zisichakae. Alisimama kando yangu muda wote nisije nikaziunguza, na moja akanisomea kwa sauti, mtu mzima yule, machozi yanamtoka.

Barua zile ni za uongo. Mzee Bwanausi hakuandika hata mstari na hakutuma hata senti. Bi Hajra alikuwa akiuza bangili zake za dhahabu, moja moja, Kariakoo. Kila akienda humlipa mtu amwandikie barua ya mume, akarudi nayo Bagamoyo akasema imeletwa kwa mkono na baharia mwenzake, akawasomea wanawe. Miaka kumi na moja! Ili watoto wasikue wakijua kwamba baba yao kawatupa.

Hiyo ndiyo barua ya saba. Niliiandika kwa sababu Mikdad alisema barua ya mwisho ndiyo inayouza, weka kinachouma. Jina la mtu sikulitaja. Lakini meli nimeitaja, bangili nimezitaja, na miaka kumi na moja nimeitaja.

Na barua hizi hatuzitumi kwa mkono. Unazipanga mapema, zinajituma zenyewe siku na saa uliyoweka. Ya saba ilikuwa imepangwa Ijumaa, saa nane mchana, watu wakiwa wameshatoka msikitini.

Nikafunga duka saa nne asubuhi. Nikataka kufungua akaunti inayotuma barua, niifute ile ya saba. Neno la siri likakataliwa. Nikaandika tena, likakataliwa. Nikampigia Mikdad.

"Umebadilisha neno la siri?"

"Usalama, dada yangu. Orodha imekuwa kubwa."

"Futa barua ya saba."

Akacheka. "Umechanganyikiwa? Watu elfu mbili wanaisubiri. Wiki hii ndiyo ya mauzo."

"Mikdad, kuna mtu ataumia. Orodha ni yangu, nakuomba."

"Orodha iko kwenye akaunti ya nani?"

Ilikuwa kwenye yake.

"Haya basi," akasema, akakata simu.

Siku ile sikuweza kukaa. Nilifagia duka mara tatu. Nilikwenda sokoni nikarudi bila kununua kitu. Mama akaniuliza, "Wewe una nini, mbona huna makalio ya kukaa?" Nikamwambia joto. Fizi zikatoa damu nikipiga mswaki, nikasema imeanza.

Alhamisi nikachukua bodaboda mpaka Mapinga. Nyumba ya Mikdad iko ndani ndani, katikati ya viwanja vilivyopimwa juzi, haijapigwa lipu. Akafungua mlango mwanamke, kijana, mtoto mgongoni. Huyo alikuwa Jasmin, mkewe.

"Karibu. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Zuwena, natoka Bagamoyo. Mimi ndiye ninayemwandikia mumeo barua."

Uso ukambadilika. "Unamwandikia mume wangu barua?"

"La, shoga, si hizo! Barua za Dada wa Ndani."

Jasmin akavuta kiti akakaa. "Dada wa Ndani ni wewe?" Akanishika mkono. "Wallahi ndizo zinazoniweka katika nyumba hii. Mwezi uliopita nilikuwa nimeshafunga nguo zangu niende kwetu. Nikasoma ile ya tatu, nikafungua begi."

Nitawaambieni kweli, kwa kuwa nimeahidi kusema kweli humu: nilifurahi. Mwenzangu kule anasubiri kusomewa Halbadiri kwa kosa langu, na mimi huku nafurahi kusifiwa. Nikamwomba hata arudie ni maneno gani hasa yaliyomgusa.

Mikdad akatokea chumbani, chaja shingoni. Aliponiona akataka kurudi ndani.

"Njoo hapa," Jasmin akamwambia. Nami nikamweleza Jasmin yote mbele ya mumewe. Somo yangu, Mwanaasha, bangili. Sikuficha isipokuwa jina la Bi Hajra.

Jasmin alisikiliza mpaka mwisho, anambembeleza mtoto mgongoni. Kisha akasema, "Mikdad, ifute."

"Mke wangu, hii ni biashara, huielewi."

"Naielewa. Unauza Ndoa Tulivu. Ifute, ama leo begi silifungui."

Akaleta kompyuta. Akafungua, akanionyesha. Barua saba zimepangana, sita zina alama ya kijani, ya saba haina. Akabonyeza. Mstari wa saba ukatoweka, nikauona kwa macho yangu.

"Umeridhika?" akaniuliza.

Nikamshukuru. Nilimshukuru mpaka nikataka kumbusu mkono, mjinga mimi.

Njiani kurudi upepo unanipiga, moyo mwepesi. Tulipofika Kerege ndipo wazo likanijia, na nalileta kwenu kama lilivyonijia. Barua ya saba haitoki. Basi hakuna atakayejua kamwe. Mwanaasha hana kosa, atasomewa na hatadhurika, Bi Tatu ataridhika, ndoa itafungwa. Halbadiri je? Nitakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Pengine na mimi nitasoma. Niliona ni mpango mzuri, nikaenda nyumbani nikala sahani nzima ya wali.

Hata doti ya kanga ya kumtunza bibi harusi niliinunua jioni ile. Nilichagua nzuri.

Ijumaa watu walipotoka msikitini nikazitia zile nakala kwenye mfuko nikaenda kwa Bi Hajra. Bado saa nane haijafika. Nilitaka niwahi, nizigawe, nionekane.

"Hodi!"

"Karibu, Zuwena. Pita, mwanangu."

Walikuwa wawili tu, wamekaa mkekani. Bi Hajra na Mwanaasha. Kesho ni harusi, na mikono ya Mwanaasha ilikuwa mitupu, haina hata tone la hina.

"Hujapakwa bado?" nikamwuliza.

"Bi Tatu kasema nisipakwe mpaka nisomewe." Alijaribu kucheka, hakuweza. "Dada Zuwena, nina ombi. Wakianza kusoma, ukae karibu yangu. Wengine wote wananitazama kama nimeshahukumiwa. Wiki nzima hii ni wewe tu uliyenisalimia."

Akanishika mkono kwa ile mikono yake isiyo na hina.

Jamani. Nimepitia aibu nyingi katika hadithi hii, mmezisoma. Nimefukuzwa, nimeachwa, nimekamatwa na uongo mchana kweupe. Haijawahi kunichoma kama pale. Nilitaka kuutoa mkono wangu nikashindwa. Ule mpango wangu wa Kerege sikuutaka tena. Nikaona kheri nife leo leo.

"Somo," nikasema. "Nina neno nataka kusema."

"Sema."

Nikafungua mdomo. Simu ya Bi Hajra ikalia, ting. Na yangu, ndani ya mkoba, ikalia ting.

Nikaitazama saa ya ukutani. Saa nane kamili.

Baadaye nilikuja kujua alichokifuta Mikdad mbele yangu. Ilikuwa nakala. Ya kweli alikuwa nayo pengine, akaipanga upya mimi nilipotoka tu mlangoni kwake. Lakini wakati ule sikuwa na nafasi ya kumlaani.

"Hebu subiri kidogo," Bi Hajra akasema, akainua simu na kuiweka mbali na macho. "Ni yule mtu tena. Miwani iko chumbani. Nisomee, Zuwena."

"Somo, kwanza neno langu..."

"Nisomee kwanza. Tumsikie leo kaja na lipi, kabla hatujamsomea na sisi."

Ningeweza kutunga nyingine pale pale. Ndiyo kazi yangu, kutunga. Ningebuni habari ya mapishi, nikaimaliza, nikaifuta. Lakini Mwanaasha alikuwa ameshasogea, kidevu chake begani kwangu, macho kwenye kioo.

Nikasoma. Sauti yangu ilitoka kama ya mgonjwa. "Somo yangu alijiandikia barua za mume."

Hicho ndicho kichwa cha barua. Nilikitunga mwenyewe na siku niliyokitunga nilijipigia makofi.

Bi Hajra alikuwa anavuta tasbihi. Vidole vikasimama.

"Endelea."

"Mumewe alikuwa baharia. Aliondoka akakaa miaka kumi na moja, na mji mzima uliamini kwamba..."

"Mwanaasha," Bi Hajra akanikata. Hakupaza sauti. "Inuka, mama. Nenda kwenu ukapakwe hina. Mwambie mama yako hakuna kisomo leo. Bi Tatu nitampigia mimi mwenyewe."

"Somo, kwa nini?"

"Hukufanya wewe. Haya ya leo nilimwambia mtu mmoja tu duniani."

Mwanaasha akanyanyua kidevu chake begani kwangu. Akanitazama. Mara ya kwanza hakuelewa, kisha akaelewa. Akasogea nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, lakini hakutoka.

"Somo, nisamehe," nikasema. "Wallahi neno nililotaka kukuambia ndilo hili. Nilikuwa nataka kusema sasa hivi, kabla haijalia..."

"Sikukwambia useme. Nimekwambia usome. Fika mwisho, nisikie wameniuza bei gani."

Nikasoma. Bangili ya kwanza, bangili ya pili, mwandishi wa Kariakoo, watoto wamekaa mkekani wanasikiliza maneno ya baba. Machozi yanadondoka kwenye simu, herufi zinaruka, nafuta kwa kanga naendelea. Na niliandika vizuri, Mungu anisamehe, kila mstari ulikuwa mahali pake. Nikafika mwisho. "Ukitaka kujifunza zaidi, bonyeza hapa. Kozi nzima kwa shilingi elfu thelathini na tano tu. Ofa inaisha kesho."

Bi Hajra akatikisa kichwa polepole.

"Elfu thelathini na tano," akasema. "Bangili moja ilinipa zaidi."

Nikaanguka miguuni kwake. Hakunisukuma wala hakunigusa. Nilikuwa nimelala pale, paji la uso kwenye mkeka, niliposikia viatu barazani. Hakuna hodi. Mlango ukasukumwa.

Alikuwa Abdulazizi. Mkono mmoja simu, mkono wa pili lile jalada la barua za baba yake, zile nilizozitia plastiki mimi. Alikuwa anahema kwa kukimbia, na duka kaliacha wazi, baadaye watu walisema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Abdulazizi. Kaa."

"Sikai. Mke wangu Dija kanionyesha barua sasa hivi. Mume baharia. Miaka kumi na moja. Bangili." Akamsogelea. "Wewe ulikuwa na bangili, mama. Nazikumbuka. Nilikuwa nazichezea, kisha zikawa hazipo, ukaniambia zimepotea kisimani."



Akapiga magoti mtu mzima yule, akalifungua jalada, akaanza kuzipanga barua mkekani mbele ya mama yake, moja baada ya moja, plastiki zinang'aa.

"Niambie si wewe. Niambie huyu anayejiita Dada wa Ndani ni mwongo, mimi nitamwamini mama yangu, niende zangu. Hizi za baba kaandika nani?"

Sasa mnaelewa nilipokuwa. Neno moja la kwangu lingetosha. Ningesema, "Kaka Abdulazizi, Dada wa Ndani ni mimi, na hii ya leo nimeitunga kichwani, haina ukweli hata chembe." Angenipiga, ningepigwa, mji ungenitemea mate, lakini angeondoka na baba yake. Na Mwanaasha pale ukutani, aliyeshasikia kila kitu, angetakiwa anyamaze maisha yake yote kwa ajili ya uongo wangu mwingine. Au ningesema kweli, nikammaliza yule mama kwa mara ya pili siku moja.

Nikainua uso kutoka kwenye mkeka, nikamtazama Bi Hajra nijue analitaka lipi. Mtu aliyenifunda miaka tisa iliyopita kusoma uso wa mwenzio kabla hajafungua mdomo. Wake sikuweza kuusoma.

Akaziangalia barua zote zilizopangwa, akainyoosha moja iliyokaa upande. Kisha akanigeukia.

"Zuwena alikuwa na neno anataka kusema," akamwambia mwanawe. "Haya, mwanangu. Liseme."